Zana ya ujenzi na IDE kuelewana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeandika Java kwa Maven au Gradle, zana zinazojenga programu kutoka kwenye msimbo, huku akitumia IDE, yaani programu ya kuandikia msimbo kama Eclipse, IntelliJ IDEA au VS Code. Mwishoni kuna neno fupi kwa wa C++. Maswali yamefuatana jinsi yanavyomkuta mtu: kwanza mradi haufunguki, halafu unafunguka lakini mwekundu, halafu unajengeka lakini unaanguka ukiendeshwa. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: faili la ujenzi ndilo lenye kauli. IDE kazi yake ni kulisoma na kulifuata. Shida nyingi zilizomo humu zilianza pale mtu alipoipa IDE habari ambazo faili la ujenzi halina.

Kwa nini mradi unajengeka vizuri kwenye terminali, lakini IDE imejaa mistari myekundu?

Kwa sababu una wajenzi wawili, na kila mmoja ameshika ramani yake. Ukiandika `mvn package` au `./gradlew build`, zana inasoma `pom.xml` au `build.gradle`, inapakua laibrari, kisha inaita `javac`, kompaila ya JDK (kifurushi cha kutengenezea programu za Java). IDE haipiti njia hiyo. Eclipse ina kompaila yake yenyewe, ECJ, ambayo hukompaili kila unapohifadhi faili. IntelliJ ina mtambo wake wa kuchambua msimbo wakati unaandika, na mistari myekundu inatoka huko. VS Code, kwa upande wa Java, inategemea seva ya lugha iliyojengwa juu ya mtambo uleule wa Eclipse.

Wote hao wanahitaji kuambiwa msimbo uko folda gani, laibrari ni zipi, na Java ni toleo gani. Habari hizo IDE huzinakili kutoka kwenye faili la ujenzi na kuziweka kwenye kumbukumbu zake. Nakala huchakaa. Ukiongeza kitegemezi kipya, yaani laibrari ambayo mradi unaihitaji, kwenye `pom.xml` na IDE haijasoma upya, kwake kitegemezi hicho hakipo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiambia isome tena. Kwenye Eclipse bofya mradi kwa kitufe cha kulia, ingia Maven, halafu Update Project. Njia ya mkato ni Alt+F5. Kwenye IntelliJ kuna ikoni ndogo ya kusoma upya inayojitokeza juu ya kihariri kila unapogusa faili la ujenzi. Wengi huipuuza kwa sababu ni ndogo. Kwenye VS Code, fungua orodha ya amri uchague `Java: Clean Java Language Server Workspace`, kisha uiache ianze upya.

Kuna kitu kimoja cha kuepuka: usiongeze laibrari kwa mkono kupitia menyu ya Build Path au Project Structure. Wekundu utatoweka na utadhani umepona. IDE ikisoma faili la ujenzi tena, laibrari yako itafutwa, na mwenzako atakayechukua mradi kutoka Git (mfumo wa kutunza msimbo wa timu) hataipata kamwe.

Nifungue folda, au niingize mradi?

Ingiza mradi. Kwenye Eclipse ni File, Import, halafu Existing Maven Projects au Existing Gradle Project. Kwenye IntelliJ fungua `pom.xml` au `build.gradle` lenyewe, ukubali lifunguliwe kama mradi. Ukiwa na mradi wenye moduli kadhaa, fungua faili la mzazi, lile la juu kabisa. Ukifungua moduli moja peke yake, IDE itazitafuta moduli nyingine kwenye hazina, yaani ghala la laibrari, kama laibrari za nje, na utajikuta unasoma msimbo wa wiki iliyopita ndani ya jar (faili linalofunga klasi pamoja) wakati mpya uko folda ya jirani.

Iwapo mradi ulikwisha kufunguliwa vibaya, usihangaike kuunyoosha. Funga IDE, futa `.idea` na mafaili ya `.iml`, au `.project`, `.classpath` na `.settings`, kisha ingiza upya. Yote hayo yanaweza kuundwa tena kutoka kwenye faili la ujenzi. Kama kwako hayawezi, basi kuna habari iliyofichwa ndani ya IDE, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Naambiwa toleo la Java si sahihi. Nina Java ngapi hasa?

Huenda nne, na ni vizuri kuzihesabu moja moja. Ipo inayoendesha IDE yenyewe. Siku hizi IDE nyingi huja nayo ndani. Ipo inayoendesha Maven au Gradle. Ipo ambayo msimbo wako unakompailiwa kwa kiwango chake. Halafu ipo itakayoendesha programu ikishakamilika. Zinaweza kuwa moja, zinaweza kuwa tofauti, na ujumbe wa kosa haukuambii ni ipi inayolalamikiwa.

Anza kwenye terminali. `mvn -v` au `./gradlew --version` itakuonyesha Java inayotumiwa na zana, na hiyo inaweza isiwe ile unayoiona kwa `java -version`. Maven hufuata kwanza `JAVA_HOME`, kigeu cha mazingira kinachotaja folda ya JDK; amri ya `java` hufuata `PATH`, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Nimewaona watu wakibadilisha kimoja na kusahau kingine, halafu siku nzima ikapita.

Kisha soma namba iliyo kwenye kosa. Kila faili la klasi hubeba namba ya toleo: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Ukiona `UnsupportedClassVersionError` ikitaja 61 na 55, maana yake klasi ilikompailiwa kwa Java 17 na inaendeshwa na Java 11. Ukiona `invalid target release: 17`, JDK inayokompaili ni ya zamani kuliko kiwango ulichoomba. Na ukiona Gradle ikisema `Unsupported class file major version 65`, usikimbilie msimbo wako. Mara nyingi ni Gradle yenyewe ambayo ni nzee kuliko Java unayoiendeshea. Gradle inahitaji kuwa 7.3 au zaidi ili iendeshwe kwa Java 17, na 8.5 au zaidi kwa Java 21.

Dawa ya kudumu ni kuandika kiwango hicho kwenye faili la ujenzi. Kwa Maven weka `maven.compiler.release` kwenye properties. Kwa Gradle tumia toolchain, yaani mpangilio unaoitajia Gradle JDK ya kukompailia:

```
java {
    toolchain {
        languageVersion = JavaLanguageVersion.of(17)
    }
}
```

Baada ya hapo kwenye IntelliJ angalia sehemu mbili: SDK ya mradi (JDK ya kukompailia), na Gradle JVM (Java inayoendesha Gradle) iliyoko kwenye mipangilio ya Build Tools. Hiyo ya pili husahaulika sana.

Kila nikifanya Update Project, Eclipse inarudisha mradi kwenye Java 1.5. Kwa nini?

Kwa sababu `pom.xml` yako haijataja toleo lolote. Pligini (kiongezo) ya kukompaili ya Maven, katika matoleo yake ya zamani, huchukua 1.5 ikiwa hukuandika kitu, na Eclipse inaitii. Ukibadilisha kwenye menyu za Eclipse, utabadilisha tena kesho. Andika `maven.compiler.release`, hakikisha pligini hiyo ni 3.6 au zaidi (za kabla yake haziijui), fanya Update Project mara moja, na habari imekwisha.

JAVA_HOME nimeiweka, lakini IDE haiioni.

Uliiweka kwenye `.zshrc` au `.bashrc`? Mafaili hayo husomwa na terminali. Programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni kwa kawaida haiyapitii. Kwenye Windows, dirisha lililokuwa wazi kabla hujaweka kigeu hicho huendelea na mazingira yake ya zamani. Lifunge na ulifungue upya. Kujaribu ni rahisi: fungua terminali mpya, ita IDE kwa amri kutoka humo. Ikiwa sasa inaona, umeshajua tatizo liko wapi. Hata hivyo ni afadhali kuielekeza IDE kwenye JDK kupitia mipangilio yake kuliko kutegemea kigeu hicho.

Programu inaanguka na `Unresolved compilation problem`, lakini Maven ilisema BUILD SUCCESS. Inawezekanaje?

Swali hili nalijibu kwa urefu, kwa sababu lilinikuta siku ya kutoa toleo na sikuwa nimewahi kusoma popote linavyotokea.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Zizi hapa ni `target/classes`. Eclipse, mradi ukiwa wa Maven, huandika klasi zake humo, na Maven nayo huandika humohumo. Sasa, kompaila ya Eclipse ina tabia ambayo `javac` haina: faili likiwa na kosa, haikatai kulitoa. Huandika klasi, na mahali penye kosa huweka maagizo ya kutupa `java.lang.Error` yenye ujumbe huo. Ina faida yake, kwani unaweza kuendesha sehemu nzima za programu wakati nyingine bado unazirekebisha.

Siku ile Eclipse yangu ilikuwa haijasoma kitegemezi kipya. Kwake faili moja lilikuwa na kosa, hivyo ikaandika klasi yenye bomu ndani. Nikaenda terminali, nikaandika `mvn package`. Maven ikalinganisha saa: klasi ni mpya kuliko msimbo. Ikaandika mstari huu ambao sikuusoma:

`Nothing to compile - all classes are up to date`

Ikafunga jar pamoja na klasi ile ya Eclipse. Majaribio hayakugusa sehemu hiyo yenye kosa, kwa hiyo yote yalipita. Kosa lilijitokeza baada ya jar kufika kwenye seva.

Tangu siku hiyo siandai kitu cha kupeleka nje bila `mvn clean package`. Lakini `clean` nayo ina upande wake: ukiifanya kwenye terminali wakati Eclipse iko wazi, umeifutia klasi zake chini ya miguu, na ukiendesha kitu ndani ya Eclipse utapata `ClassNotFoundException`. Ikikutokea, bonyeza F5 juu ya mradi, halafu Project, Clean.

Njia safi ni kuwatenganisha. Pligini ya Maven iliyo ndani ya Eclipse hujitambulisha kwa kigeu `m2e.version`, hivyo unaweza kuipa folda yake:

```
<profile>
  <id>ndani-ya-eclipse</id>
  <activation>
    <property><name>m2e.version</name></property>
  </activation>
  <build>
    <directory>target-eclipse</directory>
  </build>
</profile>
```

Ongeza `target-eclipse` kwenye `.gitignore`, fanya Update Project. Kila fahali ana zizi lake.

Nani ajenge: IntelliJ au Gradle?

IntelliJ hukupa nafasi ya kuchagua, chini ya Build Tools, Gradle, mstari wa Build and run using. Kwa mradi wa Gradle chaguo la kawaida ni Gradle yenyewe, na mimi naliacha hivyo. IntelliJ ikijenga kwa mtambo wake inaweza kuwa na kasi zaidi kwa mabadiliko madogo, lakini kazi zote maalumu ulizoandika kwenye `build.gradle`, kama kuzalisha msimbo au kunakili mafaili, hazitafanyika. Utajua umechagua hivyo ukiona folda ya `out` pembeni ya `build`.

Kwa Maven ni kinyume: IntelliJ hujenga yenyewe mpaka uiambie iikabidhi Maven kazi hiyo. Mradi wa kawaida hauna shida. Mradi wenye pligini nyingi, ikabidhi.

Eclipse inasema `Plugin execution not covered by lifecycle configuration`. Niipuuze?

Usiipuuze kabla hujajua pligini hiyo inafanya nini. Eclipse haiendeshi mzunguko mzima wa Maven kila unapohifadhi faili, kwa hiyo inapokuta pligini isiyoijua inakuuliza: hii niiendeshe, au niiache? Kama pligini inazalisha msimbo unaohitajika ili mengine yakompailiwe, iendeshwe. Kama inapima tu mtindo wa uandishi au kutengeneza ripoti, iachwe. Unaweza kulijibu swali hilo ndani ya `pom.xml` yenyewe, ndani ya `<execution>` husika, kwa kuandika `<?m2e execute onConfiguration?>` au `<?m2e ignore?>`. Maven ya terminali hupita mistari hiyo bila kuijali. Pendekezo la haraka la Eclipse linaweza kuhifadhi jibu kwenye eneo lako la kazi peke yake. Mwenzako atakutana na swali lilelile.

Natumia Lombok. Maven inajenga, IDE inasema `getName()` haipo.

Lombok ni laibrari inayokuandikia mbinu kama hiyo. Mbinu hiyo haimo kwenye faili uliloandika; inaongezwa wakati wa kukompaili. Kompaila ya IDE isipojua kuiongeza, kwake haipo. Kwa Eclipse, endesha `lombok.jar` kama programu, ielekeze kwenye Eclipse yako, nayo itaongeza mstari kwenye `eclipse.ini`. IntelliJ inakuja na pligini ya Lombok tangu toleo la 2020.3, hakikisha tu kwamba uchakataji wa anotesheni (alama za `@` ambazo Lombok huzisoma) umewashwa.

Kuna jambo jingine. Kuanzia JDK 23, `javac` haiendeshi tena wachakataji wa anotesheni kwa sababu tu wamo kwenye classpath, orodha ya mahali klasi na laibrari zinapotafutwa. Watu wamepandisha JDK na ghafla terminali ndiyo ikawa nyekundu, IDE ikawa shwari. Wataje waziwazi: `annotationProcessorPaths` kwenye pligini ya kukompaili ya Maven, au `annotationProcessor` kwenye Gradle. Ukifanya hivyo IDE nazo huelewa vizuri zaidi.

Kwa msimbo unaozalishwa na zana nyingine, jenga mara moja kwenye terminali kwanza, kisha iambie IDE isome upya. Folda ya `target/generated-sources` isipokuwepo, hakuna cha kusomwa.

Laibrari haipatikani, ingawa intaneti ipo na anwani ni sahihi.

Maven ikishindwa kupakua kitu huandika kumbukumbu ya kushindwa huko ndani ya `~/.m2/repository`, faili linaloishia na `.lastUpdated`. Baadaye mtandao ukirudi, bado inaweza kukuambia haipo bila hata kwenda kuuliza. Andika `mvn -U package` kuilazimisha iulize tena. Kwenye Eclipse, kisanduku cha kulazimisha usasishaji kipo kwenye dirisha lilelile la Update Project. Hakuna haja ya kufuta `~/.m2` nzima, utapakua upya laibrari za miradi yote.

Ikiwa ujumbe unataja `maven-default-http-blocker`, hazina yako ina anwani ya `http`. Maven 3.8.1 ya mwaka 2021 ilianza kuzizuia. Badilisha iwe `https`. Na hapa ndipo utaona ajabu ya IDE kufaulu na terminali kushindwa, au kinyume chake: IDE hubeba Maven yake ndani, na huenda si toleo sawa na la terminali.

Ukiwa nyuma ya proksi, yaani seva ya kati unayopitia kufika intaneti, iandike kwenye `~/.m2/settings.xml` kwa Maven na `~/.gradle/gradle.properties` kwa Gradle. Proksi uliyoiweka kwenye mipangilio ya IDE haifiki kwenye terminali.

Wrapper ni ya nini?

Ni hati ndogo ndani ya mradi, `gradlew` au `mvnw`, inayopakua toleo kamili la zana ambalo mradi unataka. Kwa njia hiyo wewe, mwenzako, IDE na seva ya ujenzi mnatumia Gradle moja. Kwa Maven iandae kwa `mvn wrapper:wrapper`. Hii peke yake huondoa mabishano mengi ya aina ya "kwangu inafanya kazi".

Angalia kitu kimoja: `.gitignore` nyingi zina mstari wa `*.jar`, nao huizuia `gradle/wrapper/gradle-wrapper.jar` isiingie Git. Atakayechukua mradi atapata `Could not find or load main class org.gradle.wrapper.GradleWrapperMain`. Iongeze kwa `git add -f`. Na kama mradi ulianzia Windows, `gradlew` inaweza kufika Linux bila ruhusa ya kuendeshwa; `git update-index --chmod=+x gradlew` inaliweka sawa kwa wote.

Nini kiingie Git, nini kisiingie?

Faili la ujenzi na wrapper viingie. `target`, `build`, `out`, `.gradle` visiingie. Mafaili ya IDE mimi siyaingizi, kwa sababu yanaundwa upya, na `.classpath` yenye njia ya folda ya mtu mmoja ni kero kwa wote. Timu ikitaka mtindo mmoja wa uandishi, `.editorconfig` inatosha kuanzia.

Nitaanzia wapi nikiwa sijui kosa ni la nani?

Jenga safi kwenye terminali: `./mvnw clean verify` au `./gradlew clean build`. Ikishindwa, iache IDE kabisa; rekebisha hapo kwanza, na `mvn dependency:tree` au `./gradlew dependencies` itakuonyesha laibrari zinazogombana. Ikifaulu, tatizo ni la IDE: soma upya mradi, kisha hakiki JDK, kisha uingize mradi upya. Kufuta kashe kupitia Invalidate Caches kwenye IntelliJ nakuweka mwisho. Mara nyingi husaidia bila kukueleza kwa nini, na tatizo hurudi.

Na sisi wa C++?

Wazo ni lilelile, faili tu ni jingine. Kihariri chako kinahitaji `compile_commands.json`, orodha ya kila faili na amri iliyolikompaili. Kwa CMake, ukitumia Ninja au Makefile, andika:

`cmake -S . -B build -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON`

Seva ya lugha ya clangd huitafuta orodha hiyo kwenye folda za juu ya faili unalolihariri na ndani ya `build` zilizomo humo, kwa hiyo ukitumia jina hilo la folda huhitaji mpangilio mwingine. Kwa mradi wa Make mtupu, zana ya Bear huiandika orodha hiyo kwa kusikiliza ujenzi: `bear -- make`. Fanya `make clean` kwanza, la sivyo itaorodhesha tu mafaili yaliyokompailiwa mara hiyo.